Kisanduku cha Nne

12 Februari 1995, Ngonga

Daftari hili nililinunua kwa vipimo vya wateja wa cherehani, na kurasa za mbele zimejaa vifua na viuno vya nusu ya Ngonga. Leo nimeligeuza nikaanzia nyuma. Nina mambo ambayo nikimwambia mtu yatafika Kyela mjini kabla sijamaliza kusema.

Asubuhi amekuja Bwana Ambrose kutoka Mbeya. Ana hoteli mpya, mmoja wa hawa walioinuka tangu biashara ziachiwe huru, na suruali yake imepigwa pasi hadi mkunjo unasimama. Amelitaka gari la Baba Mkwe, aliweke mbele ya hoteli na kubebea maharusi. Ni Ford la mwaka 1923. Njiti za magurudumu yake ni za mbao, na kuliwasha ni lazima uzungushe hendeli kwa mbele mpaka bega likuume. Baba Mkwe alikuwa dereva wa mzungu wa mashamba ya chai Tukuyu, na mzungu alipoondoka akamwachia. Ameliweka hai miaka arobaini, kwanza peke yake, kisha na mume wangu Ezra. Ezra alifariki mwaka juzi kwa homa ya siku nne. Tangu hapo halijawashwa, na watoto wanaliita mkweche.

Sharti la Bwana Ambrose ni moja, hanunui pambo. Atarudi mvua zikipungua, na gari lipande mwinuko wa kanisani kwa nguvu zake lenyewe. Likipanda, bei yake itatosha kumpeleka Baba Mkwe hospitali ya misheni akapasuliwe macho. Ana mtoto wa jicho kushoto na kulia, na anachokiona sasa ni mwanga na kivuli tu.

Alipoondoka, Mama Mkwe alinikuta nikiosha vyombo. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unamshikia Ezra spana. Utalifufua." Hakuniuliza kama naweza.

13 Februari

Jina la Baba Mkwe sijaliandika wala sitaliandika. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtaji baba wa mumewe, hamtazami usoni, hapiti naye njia moja. Akitokea, unajifunika kitenge unaingia migombani mpaka apite. Wachungaji wamesema mara nyingi mambo hayo yapungue, na kwa majirani yamepungua. Kwetu hapana. Nimeolewa hapa miaka kumi na moja, nimempikia kila siku, nimemzalia mjukuu, Tusa, na sijawahi kumwambia neno moja.

Basi gari linajulikana na mtu asiyeona, na mwenye macho haruhusiwi kumkaribia. Mama Mkwe amepanga: asubuhi bandani ni zamu ya Baba Mkwe, mchana ni yangu. Yeye atakaa kibarazani akichambua mchele, na Baba Mkwe akielekea bandani wakati wangu, yeye atakohoa ili nijifiche.

Nilimwona Mama Mkwe kama askari wa gereza, na nimelala na hasira.

20 Februari

Baba Mkwe hupapasa asubuhi nzima. Nikifika mchana nakuta vitu vimepangwa juu ya gunia. Spana imelazwa juu ya nati inayotakiwa kufunguliwa. Plagi tatu zimesimama na moja imelala, maana yake hiyo moja ni mbovu. Jana kulikuwa na tupa juu ya kipande cha msasa: tupa kwanza, msasa baadaye. Nimeanza kuvisoma kama barua.

Ninapoondoka nami nampangia vyangu, akija apapase nilichofanya.

3 Machi

Nimekwenda Kyela mjini, dukani kwa Mudathiri. Watu wake walitoka pwani zamani, na duka lake la vipuri limejaa siku hizi, kila kitu cha pikapu za Kijapani kinaning'inia. Nimempelekea kisanduku kibovu. Gari hili lina visanduku vinne vya mbao, kila kimoja koili inayoipa pistoni yake cheche, na hendeli ikizungushwa vinavuma. Vitatu vinavuma, cha nne kimekufa. Kwa pistoni tatu gari litatembea kwenye tambarare, mlima halipandi.

Mudathiri alikigeuza mkononi akacheka. "Mama Tusa, gari lenu Nabii Nuhu alilishusha mwenyewe safinani. Mimi nauza vya baada ya gharika." Wateja wakacheka naye. Kisha akaniambia nimwachie kisanduku kama sampuli. Nimekiacha, lakini namjua mtu wa duka, atakiuza kwa fundi redio wachukue nyaya.

Nimerudi na miguu imejaa tope na roho imejaa zaidi.

9 Machi

Ndani ya giaboksi kuna mikanda mitatu ya kitambaa kigumu inayobana ngoma za chuma zinazozunguka: mmoja wa mwendo wa polepole, mmoja wa kurudi nyuma, mmoja wa breki. Yote imeoza. Leo juu ya gunia nimekuta kipande cha mkanda wa turubai wa mashine ya kukoboa mpunga, kimekatwa kwa kisu, na pembeni sindano yangu ya magunia. Sijui aliitoa wapi ndani ya nyumba yangu. Mama Mkwe aliangalia juu nilipomuuliza.

Kazi hii sasa ni ya fundi cherehani. Nimeshona mkanda wa kwanza mpaka vidole vimetoka damu.

10 Machi

Mkanda wa pili.

11 Machi

Wa tatu. Mvua imeanza saa nane na haijakatika.

15 Machi

Mvua. Njiti za magurudumu zilikuwa zinacheza kiangazi, sasa mbao imenywa maji imejaa, zimekaza zenyewe.

22 Machi

Leo limetokea jambo.

Nilikuwa chini ya gari, mgongo juu ya gunia, nimefungua kifuniko cha chini nikikaza konrodi ya tatu, mkono unaoshika pistoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati nisisikie hatua za mtu. Kisha nikaona miguu. Ndala za bluu, na fimbo. Baba Mkwe alikuwa amesimama upande ule ule wa kutokea, na upande wa pili kuna ukuta. Mama Mkwe hakukohoa.

Nilijifunika uso kwa kitenge kilichojaa oili nikakaa kimya. Nilidhani ataondoka. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale. Muda mrefu. Oili ikinidondokea shingoni.

Kisha akasema, "Gari."

Nikavuta kitenge zaidi usoni.

"Gari, nasema na wewe. Sina mtu mwingine wa kusema naye humu." Sauti yake sijawahi kuisikia karibu namna hii. Kwa miaka kumi na moja nimeisikia kupitia ukuta, akiita, akiomba maji, akisali. "Konrodi yako ya tatu usiikaze mpaka mwisho. Iache ipumue, unene wa karatasi ya sigara. Ukiikaza sana itaungua ukiwa njiani. Umenielewa?"

Gari lingejibu nini? Nikajikuta nimenyanyua spana nikaigonga chasisi. Mara moja.

Kisha nikasikia kitu ambacho kwa mtu mwingine ningekiita kicheko. "Vizuri," akasema. "Mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Gari lenye adabu."

Akakaa juu ya debe na kuniuliza, yaani kuliuliza gari, habari za mikanda, kama nyuzi ni za nailoni au za pamba, kama kingo zimekunjwa. Nikagonga, nikagonga. Alipoondoka alisema, "Ndaga, gari," asante kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anavyomshukuru mtu mzima.

Jioni nikamwuliza Mama Mkwe kwa nini hakukohoa. Akasema koo lake leo lilikuwa zuri. Akaendelea kuchambua mchele.

28 Machi

Amekuja tena. Mama Mkwe hakohoi. Mimi nakaa upande wa pili wa gari, nimejifunika, nimempa mgongo. Haoni. Simtazami. Hatuzungumzi, maana yeye anazungumza na gari na mimi ninagonga chuma. Sijui nimwambie nini mchungaji akiniuliza, wala wazee wa ukoo wakiniuliza. Mila imevunjika wapi?

4 Aprili

Leo ameliambia gari habari za Ezra akiwa mdogo. Kumbe alikuwa akilala kiti cha nyuma, anakataa kitanda, na asubuhi wanamkuta amekumbatia taa ya mafuta ya gari. Kumbe siku aliponiona mara ya kwanza Matema, nyumbani kwetu, alirudi akakaa bandani mpaka usiku akisafisha plagi ambazo zilikuwa safi.

Tangu tumzike Ezra hakuna anayemtaja. Watu wakija wanasema "marehemu" kisha wanaomba chumvi. Nilikuwa nimeanza kusahau sauti yake, na mzee huyu anayo yote. Nimelia upande wangu wa gari kimya kimya. Nadhani alisikia, kwa sababu alinyamaza mpaka nikamaliza, kisha akauliza habari za kabureta.

9 Aprili

Mto umevuka kingo. Mpunga wa jirani umelala chini ya maji.

16 Aprili, Pasaka

Kanisani mchungaji ametutaka tumwombee Baba Mkwe apate kuona. Watu wote wakasema amina. Mimi nilifungua mdomo na haikutoka.

Nimeelewa pale pale, kwenye benchi, kwa nini. Akiona, mambo yatarudi yalivyokuwa. Ataingia uani na macho yake, na mimi nitakimbilia migombani na kitenge kichwani, na hatanisemesha tena, wala kupitia gari, maana gari litakuwa Mbeya likibeba maharusi. Nitarudi kuwa mikono inayopika. Nimeona aibu mpaka kwenye mifupa. Kipofu ana mkwe wake, na mkwe wake hataki apone.

20 Aprili

Mudathiri amekuja Ngonga mwenyewe, kwa baiskeli, katika mvua hii, suruali imekunjwa magotini. Kumbe sampuli yangu hakuiuza. Aliituma Karonga, Malawi, kwa binamu yake, na binamu akazunguka mpaka akapata mzee mmoja wa Kimalawi mwenye gari kama letu, limekufa, kuku wanatagia ndani. Kisanduku kimoja kilikuwa kizima. Mudathiri amekwenda kukipokea Katumba Songwe na kukivusha kwa mtumbwi, mto Songwe umejaa na magogo yanapita, kimefungwa nailoni na kuwekwa chini ya kofia yake.

Nilimwuliza tunamlipa nini. Akasema, "Mama Tusa, mama yangu alifariki mwezi wa mvua kama huu. Kaburi lilikuwa linajaa maji. Ezra alishuka ndani akayateka kwa ndoo mpaka tukamlaza. Alikuwa Mkristo, hakuna aliyemwita." Akapanda baiskeli yake. Na mimi ndiye niliyemhesabu kuwa mtu wa faida tu.

Kisanduku nimekijaribu kwa betri. Kinavuma.

Kisha nimekiweka kwenye mtoto wa meza ya cherehani, chini ya vifungo vya nguo, nikatia ufunguo. Mama Mkwe alikuwa shambani. Sijamwambia mtu.

21 Aprili

Mvua. Sijakifunga.

23 Aprili

Mvua. Baba Mkwe ameliuliza gari kama mjini kuna habari za koili. Nimegonga mara mbili.

24 Aprili

Ameuliza tena. Mara mbili.

26 Aprili

Leo hakuuliza. Aliliambia gari kwamba wakati Ezra anakata roho, walimshika mkono wakauweka usoni kwa mwanawe ili ajue ni yeye. Alisema hakumtambua kwa mkono. Pua ilikuwa imechongoka kwa homa. "Nilimzika mtu niliyeambiwa ni mwanangu," alisema, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

Nami kisanduku kiko chini ya vifungo.

27 Aprili

Mvua. Sijakifunga. Naandika ili nijione.

28 Aprili

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimwambia Tusa methali hiyo wiki iliyopita alipoficha kidonda cha mguu. Nilimpiga hata kofi. Tusa ana miaka tisa.

29 Aprili

Mudathiri amepita tena, safari ya kununua mpunga. Nilikuwa kisimani. Alikaa na Baba Mkwe kibarazani na kumwuliza kile kisanduku cha Karonga kinavumaje. Mama Mkwe ndiye aliyenieleza nilipofika na ndoo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Yuko bandani. Anakungoja," na hakuwahi kusema kwamba ananingoja mimi. Siku zote alisema anaingoja asubuhi, anangoja mvua ikatike, anangoja gari.

Nilijifunika nikaingia kwa upande wangu. Alikuwa ameketi kwenye debe, mikono juu ya fimbo. Mvua ilikuwa imetulia, kukawa kimya kiasi cha kusikia maji yanavyochirizika kwenye migomba.

"Gari," akasema. "Kisanduku cha nne kimepatikana?"

Nikagonga mara moja.

"Zaidi ya wiki?"

Mara moja.

Nilingoja hasira. Katika nyumba hii hasira yake nimewahi kuisikia, inatikisa sufuria. Haikuja. Alipumua, akahamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda huu.

"Unaogopa nikiona," akasema.

Spana ilikuwa nzito. Niligonga mara moja, nayo ikatoa mlio mdogo sana, nikadhani hakuusikia.

"Hata mimi," akasema.

Sikujua anamaanisha nini, na sina namna ya kuuliza kwa kugonga. Akaendelea mwenyewe. "Mtu akiwa kipofu watu humsamehe mambo mengi. Wazee wa ukoo wanapita hapa, wanajua, wanasema aah, yule haoni. Nikiona watakuja kukaa pale kibarazani, na wataniuliza, na mimi sijui nitawajibu nini. Nimekuwa mtu wa mila maisha yangu yote." Akakohoa. "Lakini mwanangu nilimzika kwa kupapasa. Nataka nilione kaburi lake mara moja kwa macho. Kifunge."

Akasimama kuondoka. Mlangoni akaongeza, bila kugeuka, kwamba waya wa kisanduku cha nne ndio wenye alama ya uzi mwekundu, na Ezra ndiye aliyeufunga uzi huo.

30 Aprili

Nimekifunga. Uzi mwekundu ulikuwepo.

2 Mei

Limewaka. Nilizungusha hendeli mara tano, ya sita likanirudisha nyuma nikaanguka matakoni, kisha likawaka. Pistoni zote nne. Banda lote lilitetemeka na popo wakatoka. Mama Mkwe aliweka ungo chini akasimama mlangoni amejishika kichwa kwa mikono miwili. Baba Mkwe alikuwa amekaa ndani ya gari, nyuma, kiti cha Ezra.

Nilifurahi. Na nikasikitika. Vyote viwili vilikuwa vya kweli.

13 Mei

Bwana Ambrose amekuja na lori lake. Nusu ya Ngonga ilisimama kando ya barabara ya kanisani.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Nani ataendesha? Baba Mkwe haoni. Mimi Ezra alinifundisha kwenye majaruba baada ya mavuno, lakini masikio yangu hayalijui gari hili kama yake, na mwinuko ule ukiwa umelowa hausamehe. Lazima tuwe wote wawili kwenye kiti kimoja cha mbele, mbele ya watu, na wazee wa ukoo wapo. Watu wakaanza kunong'ona. Bwana Ambrose akatazama saa yake.

Mama Mkwe akaingia ndani, akatoka na kitenge chake kipya, kile cha harusi ya binti wa mchungaji. Akapanda akaketi katikati ya kiti, akakishika kwa mikono miwili kama pazia kati ya nafasi yangu na ya Baba Mkwe, kutoka kwenye sakafu mpaka juu ya kofia ya Baba Mkwe. "Pandeni," akasema. Na kwa wazee akasema, "Nani amevunja nini?" Mama huyu ndiye niliyemwita askari wa gereza.

Tukaenda mpaka chini ya mwinuko. Hapo Baba Mkwe akasema nyuma ya pazia, "Gari, geuka." Nami nikaligeuza, kisogo kikaelekea kanisani. Bwana Ambrose akaanza kulalamika kwamba anachezewa. Hakujua. Petroli ya gari hili iko chini ya kiti na hushuka yenyewe mpaka kwenye injini. Ukipanda mlima mkali kwa uso, petroli inarudi nyuma na injini inakufa njaa. Mlima wake hupandwa kinyumenyume.

Nikakanyaga pedeli ya katikati, ya kurudi nyuma. Mkanda nilioutolea damu ukabana. Nilikuwa nimegeuza shingo kutazama nyuma, Mama Mkwe akitetemeka pamoja na kitenge chake, na Baba Mkwe akisema na gari taratibu kwa mwendo wote: punguza cheche kidogo, ongeza mafuta, usiogope tope, kushoto kuna shimo la mvua ya mwaka ule, lipite kwa kulia. Shimo lilikuwepo. Katikati magurudumu yaliteleza, gari likasimama likiunguruma, nikajua tumeshindwa. "Pistoni ya nne inafanya kazi," akasema. "Naisikia. Jifikirie kwanza." Likajifikiria. Kisha likashika, likapanda mpaka kwenye ngazi za kanisa.

Watu walipiga kelele na vigelegele. Bwana Ambrose alivua kofia. Mama Mkwe hakushusha kitenge mpaka Baba Mkwe aliposaidiwa kushuka.

27 Mei

Lori limelichukua. Walilisukuma juu ya mbao mbili. Baba Mkwe alitembea kando, kiganja kwenye ubavu wake, mpaka fimbo ikagonga tairi la lori na hapakuwa na pa kwenda. Nilikuwa migombani, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nilijificha.

Banda ni kubwa kuliko nilivyodhani.

5 Juni

Wameondoka kwenda hospitali, yeye na Mama Mkwe. Nimefua shuka zote. Sina jingine la kufanya.

11 Juni

Salamu zimefika kwa mtu wa basi. Jicho la kulia limepasuliwa, anaendelea vizuri. Anasubiri miwani.

Leo niliomba kanisani apone vyema, na amina ilitoka. Ilitoka kwa shida, lakini ilikuwa yangu.

18 Juni

Wamefika saa tisa alasiri. Nilisikia sauti ya Mama Mkwe njiani akiitikia salamu za majirani, nikachukua kitenge nikaingia migombani, mahali pangu pa miaka kumi na moja. Kati ya majani nikamwona. Sikutakiwa kutazama, nilitazama. Amevaa miwani mizito inayofanya macho yawe makubwa, na anatembea bila fimbo, akigusa vitu kwa macho: mlango, jiko, kamba ya nguo, Tusa. Alimtazama Tusa kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza kitu, na Tusa akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la Ezra.

Alikaa huko mpaka jua likashuka. Wazee wawili wa ukoo walikuja kumpa pole ya safari, wakaketi kibarazani na kusubiri. Mimi miguu ilikufa ganzi. Nilisema moyoni, basi, hivi ndivyo itakavyokuwa, na si vibaya sana, ameliona kaburi, hilo ndilo lililotakiwa.

Aliporudi uani aliwasalimu wazee. Akatazama banda tupu. Akatazama nyumba yangu, na cherehani mlangoni, na hakuna mtu. Kisha akatazama migomba. Nilivuta kitenge mpaka kidevuni.

Akavua miwani. Bila hiyo, Mama Mkwe ameniambia baadaye, haoni zaidi ya alivyokuwa akiona zamani, mwanga na kivuli. Akaikunja, akamkabidhi Mama Mkwe, akamwambia, "Nishikie." Akasimama katikati ya uwanja, mbele ya wazee wa ukoo wake, uso wake umeelekea kwangu na macho hayana kitu.

"Gari halipo tena," akasema. "Felista."

Sikujua kama analijua jina langu.

"Felista, mwanangu. Kaburi la Ezra limetitia upande wa kichwa. Njoo tushauriane."

Nikatoka migombani. Nikasema, "Abee, baba."